Kofia ya matundu: namna watu walivyoinyamazisha resho inayonguruma

Hapa kwetu ukisema Primus, watu wanageuza macho upande wa frigo. Basi wenzangu, leo tuache bia kwanza. Kuna Primus ingine, ya shaba ya njano, iliyozaliwa Sweden mwaka 1892, na njo mama wa zile resho zote za pampu ambazo wapanda milima, askari na watafiti wa porini wanabeba mpaka leo. Ilibadilisha mapishi ya dunia nzima, lakini ilikuja na kasoro moja: inanguruma. Tena si kelele kidogo. Watu wawili waliokaa kando yake wanalazimika kupandisha sauti ili wasikilizane. Ninachotaka kuandika hapa ni historia ya hiyo kelele: ilitoka wapi, kwa nini ilivumiliwa miaka zaidi ya mia moja, na namna kofia ndogo ya chuma yenye matundu, ya kutengeneza kwa mkono, inavyoweza kuizima. Watu wa fizikia mtanivumilia, mimi niko mtu wa udongo na mbegu.

Tuanze na fundi anaitwa Carl Richard Nyberg. Mwaka 1882 alianza kutengeneza huko Sweden taa ya kulehemia, kile chombo kinachotupa moto mkali mbele kama mkuki, cha kuchomea rangi ya zamani kwenye mbao na kuyeyushia risasi. Hakuna aliyelalamika juu ya kelele yake, kwani karakana yenyewe iko na kelele. Miaka kumi kiisha, fundi mwingine wa Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist, akafanya kitu ambacho ukikitazama leo unaona ni rahisi: akachukua ule moto wa taa ya kulehemia, akauelekeza juu, akaweka sufuria. Alishirikiana na Johan Viktor Svenson, na kampuni ya B.A. Hjorth ikauza resho zao kwa jina la Primus, Kilatini cha «wa kwanza».

Ndani yake mambo yanaendeshwa hivi. Chini kuna tanki ya mafuta ya taa (yale sisi tunaita petroli, ya magari ni esansi, tusichanganye). Unamimina alkoli kidogo kwenye kisahani chini ya bruleri, unawasha, unangoja mabomba yapate moto. Kiisha unapiga pampu. Mafuta yanapanda, yanapita ndani ya mabomba yenye joto, yanageuka mvuke, na ule mvuke unatoka kwa nguvu kwenye jikleri, tundu lenye upana chini ya nusu ya milimita. Unapotoka mbio vile unavuta hewa ya pembeni, vinachanganyika, vinagonga kisahani cha chuma kilichowekwa juu, na moto unasambaa chini ya sufuria ukiwa bluu, bila masizi. Resho za utambi za zamani zilikuwa zinajaza nyumba moshi na kuchafua kila chungu. Hii haikuwa na utambi hata kidogo.

Kelele inazaliwa palepale penye ubora. Mvuke unaokimbia, unaopigana na hewa, unaogonga chuma, hautulii hata nukta moja. Moto unaowaka ndani ya ule mchafuko unatetemeka mara nyingi kwa sekunde, na kila mtetemeko unasukuma hewa. Sikio lako linasikia mngurumo. Kwa maneno mengine, Lindqvist aliingiza karakana ndani ya jikoni.

Na watu walikubali, sana sana wale walioenda mbali. Fridtjof Nansen alivuka Greenland mwaka 1888 na jiko la alkoli, lakini safari ya meli Fram, 1893 mpaka 1896, alibeba Primus. Roald Amundsen alikuwa nayo alipofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Kwa sisi watu wa ikweta lazima nieleze jambo moja: kule kwenye barafu, bila resho hakuna maji. Maji yote yako chini ya miguu yako lakini yameganda, na mtu anaweza kufa kwa kiu akiwa amesimama juu ya ziwa. Njo maana katika zile safari mngurumo wa resho haukuwa kero, ulikuwa habari njema. Mtu aliyelala ndani ya hema akiusikia anajua chai inakuja.

Sasa nije kwenye kofia, na hapa mtaniruhusu nitumie kitu cha shamba. Chukua arozwari, toa kile kichwa chenye matundu, mwagia miche ya nyanya. Maji yanatoka kama fimbo moja, yanachimba udongo, yanang'oa miche. Rudisha kichwa. Maji ni yaleyale, mkono ni uleule, lakini sasa yamegawanyika mara mia, kila uzi unaenda polepole, na mche haujui hata kama umenyeshewa. Kofia ya resho ni kichwa cha arozwari. Sina mfano bora kuliko huo. Mchanganyiko wa mvuke na hewa, badala ya kugonga kisahani na kulipuka pembeni, unaingia ndani ya kikombe kilichofunikwa, unapunguza mwendo, unatoka kwenye mamia ya matundu madogo. Kila tundu linabeba mwali wake mdogo uliotulia. Badala ya simba mmoja unapata nyuki mia tatu, na wale nyuki hawasikiki mbali.

Kwa kawaida vikombe viko viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani kina matundu machache makubwa pembeni, kazi yake ni kuvunja nguvu ya mvuke. Cha inje kina matundu mengi madogo, ya karibu milimita moja, na moto unawaka juu yake tu.

Kwa nini moto hauingii ndani ya kikombe, wakati ndani kumejaa gazi inayoweza kuwaka? Hili swali lilijibiwa zamani sana kabla ya Lindqvist, na lilijibiwa kwa damu ya wachimba migodi. Mwaka 1812, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini ya Uingereza, gazi ya methani ililipuka na kuua watu 92, wanaume na watoto. Taa zao zilikuwa moto wa wazi, na mgodi ulikuwa unatoa gazi. Mwaka 1815 watu wawili, kila mmoja kwa upande wake, walipata jibu lilelile. Mmoja ni Humphry Davy, mwanakemia mkubwa wa London. Alizungushia taa wavu wa waya mwembamba: hewa inapita, mwanga unapita, lakini moto haupiti, kwani chuma kinanyonya joto lake na mwali unakufa kabla ya kutokea upande wa pili. Mwingine ni George Stephenson, fundi wa mashine wa mgodi wa Killingworth, mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 18. Taa yake ilikuwa na kioo, na hewa ikiingia na kutoka kupitia matundu madogo kwenye chuma. Kofia ya matundu, kabisa.

Nikae kidogo hapa, juu ya hii habari inatugusa sisi wenye diploma. Davy alipewa zawadi ya pauni 2,000. Stephenson aliambiwa ameiba wazo, kwani mtu asiyesoma angewezaje kufikiri jambo la kisayansi namna hiyo? Davy mwenyewe hakukubali kamwe kwamba fundi wa mgodi angeweza kufika pale kwa njia yake. Watu wa Newcastle, waliomjua Stephenson, walikasirika na kumchangia pauni 1,000. Mwaka 1833 tu njo kamati ya Bunge la Uingereza ilisema wote wawili wana haki sawa ya kuitwa wavumbuzi. Mimi nikisoma hii nafikiria mara ngapi tumekaa mbele ya mkulima ambaye amechagua mbegu zake miaka thelathini, na sisi tukamwandikia «hana maarifa» kwenye rapporti.

Kwa hiyo sheria ilijulikana tangu 1815: tundu likiwa dogo vya kutosha, moto hauvuki. Viwanda vya resho viliitumia. Kwa majumba ya mjini walianza kuuza bruleri ya kimya, yenye kofia mbili za matundu juu ya bruleri ya Primus, na mama wa nyumba Ulaya aliweza kupika huku anaongea na watoto wake. Kama kofia ilikuwapo, kwa nini resho za safari ziliendelea kunguruma?

Sababu ni za porini, na si mbaya. Bruleri inayonguruma iko na vipande vichache. Upepo hauizimi upesi, maana moto wake una nguvu. Kofia, kwa upande wake, inaungua polepole, matundu yanaziba, na inataka mafuta safi. Ukiwa siku ishirini kutoka duka la karibu, utachagua kelele. Kampuni nyingine ya Sweden, Optimus, iliyoanza 1899, nayo ilijaza dunia na resho ndogo za kunguruma. Svea 123, ile ndogo ya shaba inayotumia esansi, ilitokea 1955 na wapandaji wengi wanaipenda mpaka leo pamoja na sauti yake. Halafu Marekani, mhandisi Larry Penberthy wa Seattle aliona kwamba wapandaji wengi wanaugua huko juu kwa sababu hawanywi maji ya kutosha, na hawanywi kwa sababu resho zao ni dhaifu kuyeyusha theluji. Mwaka 1973 kampuni yake, MSR, ikatoa resho ambayo chupa yenyewe ya mafuta inageuka tanki, imeunganishwa kwa bomba. Ilikuwa na nguvu ya ajabu na kelele ya ajabu. Baadaye MSR hiyohiyo iliuza WhisperLite, yenye jina la kunong'ona na sauti ya chini kweli, halafu DragonFly, ambayo inaweza kupika wali kwa moto mdogo bila kuunguza lakini inanguruma sawa vile joka la jina lake.

Kwa wakati uleule wa Svea, watu wa ndege walikuwa na ugonjwa huohuo kwa kipimo kingine. Mwaka 1952 mwanahesabu Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba nguvu ya kelele ya hewa inayotoka mbio inapanda pamoja na mwendo wake kwa kipeo cha nane. Yaani ukipunguza mwendo nusu, nguvu ya sauti inagawanywa kwa 256. Kelele ya resho ina na moto ndani yake, kwa hiyo hesabu haihamishwi moja kwa moja, lakini inakuonyesha kwa nini kupunguza mwendo kidogo tu kunasaidia sana. Angalia picha za Boeing 707 za kwanza: nyuma ya injini hakuna tundu moja kubwa, kuna mirija mingi imefungwa pamoja. Arozwari tena.

Viwanda vya resho za porini vilipoendelea kunguruma, wenye resho njo walichukua nyundo. Marekani na Ulaya watu wachache, wengi wao si wahandisi, walianza kutengeneza kofia nyumbani kwa ajili ya Svea, Optimus na DragonFly zao: kikombe kidogo cha chuma, drili yenye ncha ya milimita moja, na saa nyingi za uvumilivu. Wengine waliishia kuwauzia wenzao. Hakuna kiwanda kikubwa nyuma yao.

Niliiona kazi hii kwa macho yangu nikiwa ku majaribio ya viazi kwenye milima ya juu ya Kivu Kusini. Timu ilikuwa na resho ya esansi, ya kunguruma, iliyoachwa na mradi uliokwisha. Makala kule juu ni shida, mvua haiishi, na resho ilikuwa inatusaidia kwa kweli. Lakini kila jioni ikiwashwa, mlinzi wetu, mzee mmoja wa kijiji, alikuwa anatoka inje na kusimama mbali, hata mvuani. Nilifikiri anaogopa moto. Siku moja nikamuuliza: «Papa, mbona hukai na sisi?» Akanijibu: «Mwanangu, hiyo kitu ikilia mimi siko mlinzi tena. Siwezi kusikia mbwa, siwezi kusikia nyayo.»

Mlio katika zile collines mnajua anachosema. Usiku kwetu, masikio njo ukuta wa nyumba. Saa moja ya kutosikia ni mlango ulioachwa wazi, na hakuna kitabu cha mpanda mlima wa Ulaya kinachoandika jambo hilo namna yule mzee alilisema.

Tulipeleka resho kwa fundi wa soko anayetengeneza mbabula na arozwari. Nilimchorea vile vikombe viwili. Aliangalia mchoro, akacheka, akaonyesha vichwa vya arozwari vilivyokuwa vinaning'inia mlangoni: «Si ni hii?» Akachukua kipande cha bati alilokuwa anatengenezea arozwari. Hapo tulimsimamisha, na ninaomba kila mtu atakayejaribu alishike hili: bati la namna hiyo limepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na moto wa resho unapita hapo mbali. Ikichomeka inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unapata homa na kifua. Aluminiamu nayo haifai, inayeyuka kwenye 660. Kinachofaa ni chuma kisichoshika kutu. Fundi alipata vikombe viwili vya zamani vya chuma hicho, vya kunywea chai, akavikata, na kwa kuwa umeme haukuwapo alitoboa kwa msumari uliochongwa na nyundo, mstari kwa mstari, juu ya kipande cha gogo. Alifanya kazi siku mbili. Alitoboa kutoka ndani kwenda inje, ili kingo kali zibaki upande wa inje. Alisema vichwa vya arozwari vinatobolewa vilevile, la sivyo takataka zinashika.

Resho haikunyamaza kabisa. Ilibaki na sauti kama mvua ya mbali kwenye nyasi. Maji yalichelewa kidogo kuchemka. Mzee alianza kukaa ndani.

Lakini siandiki hili ili kila mtu akimbilie msumari. Kofia ikiwa na matundu machache mno, au yakiziba, inarudisha pumzi ya resho nyuma: hewa inayovutwa inapungua, mafuta hayaungui yote, na inatoka monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo haina harufu, haina rangi. Mwaka 1934 admirali Richard Byrd alikaa peke yake miezi ya baridi kwenye kibanda chini ya theluji ya Antaktika, na alikaribia kufa kwa gazi ya stovu yake na ya jenereta ya redio. Wenzake walitambua taabu kwa sababu ujumbe wake wa redio ulikuwa unaharibika, wakamfuata. Kabla yake kuna habari ya Salomon August Andrée na wenzake wawili, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walioondoka Svalbard kwa puto mwezi wa Julai 1897 na kupotea. Kambi yao ya mwisho ilionekana 1930 kwenye kisiwa cha Kvitøya, na Primus yao ilikuwa bado na mafuta, bado inafanya kazi baada ya miaka 33. Mvumbuzi Vilhjalmur Stefansson alidhani kwamba ile resho njo iliwaua ndani ya hema iliyofungwa. Wengine wamesema ni nyama ya dubu, wengine baridi, na ubishi haujaisha.

Resho inayonguruma angalau inakukumbusha kwamba iko. Iliyonyamazishwa unaweza kuisahau. Kwa hiyo fundi wetu alipomaliza, tuliiwasha kwanza inje, mchana, kivulini, ili kuona rangi. Mwali wa bluu juu ya kila tundu ni mzuri. Mwali mrefu wa njano, au masizi chini ya sufuria, ni ishara kwamba hewa haitoshi: zima, ongeza matundu. Yetu ilikuwa na njano upande mmoja. Fundi aliitoa kwa koleo, akaingoja ipoe, akaongeza mistari miwili ya matundu upande ule, bila kutuuliza pesa ya ziada. Ndani ya nyumba tuliacha dirisha wazi kila mara inapowaka, na mzee akachagua kiti cha karibu na lile dirisha.